Dawa Zote Siku Moja: Maswali Yenu kwa Mfamasia

Mwezi uliopita tuligusia kidogo tu habari ya famasi ndogo za vijijini zinazompangia mgonjwa dawa zake zote zitoke siku moja, basi barua zikamiminika. Nyingi zinauliza kitu kile kile kwa njia tofauti, kwa hiyo nimechagua chache na zile ndefu nimezipunguza, mtanisamehe.

Shikamoo mfamasia. Baba yangu ana presha, sukari na kolesteroli, dawa nne za kila siku na kila moja inaisha kwa tarehe yake. Wiki hii nafuata ya presha, wiki ijayo ya sukari, na famasi iko mbali mpaka nipate usafiri. Mwenye famasi kasema anaweza kuzipanga zote zitoke siku moja. Shangazi naye anasema mbona rahisi, baba aache kumeza zile zinazobaki mpaka zingine ziwafikie. Ni sawa? (Binti wa mzee)

Marahaba binti. Shangazi ana nia nzuri ila hapo hapana kabisa, na naanza na hilo kabla ya mengine yote. Dawa hazipangwi kwa mgonjwa kuruka dozi wala kuongeza dozi ili eti zikutane, zinapangwa kwa idadi ya vidonge anavyopewa. Mzee anaendelea kumeza kama kawaida yake kila siku, asubuhi ni asubuhi na jioni ni jioni, kazi ya hesabu ni ya huyu aliyekaa nyuma ya kaunta.

Ngoja nikuonyeshe inavyofanyika. Tuseme leo umemwaga dawa zote za mzee mezani tukahesabu. Amlodipini ya presha vimebaki 22, anameza kimoja kwa siku, kwa hiyo siku 22. Losartani, nayo ya presha, vimebaki 15, siku 15. Metfomini ya sukari vimebaki 18 lakini hiyo ni mara mbili kwa siku kwa hiyo ni siku 9 tu, na ya kolesteroli vimebaki 4. Mfamasia anachagua dawa moja iwe ndo kiongozi, mara nyingi ile yenye siku nyingi zaidi, hapa ni amlodipini. Zingine zote zinasogezwa zimfikie, kwa hiyo anakupa losartani 7, metfomini 26 na ya kolesteroli 18. Ukijumlisha na zilizobaki nyumbani, zote nne zinafika siku ya 22 pamoja. Baada ya hapo kila kitu kinatoka fungu moja, na siku yenyewe ya kuchukua inawekwa siku 2 au 3 kabla ya vidonge kwisha maana gari linaharibika, mvua inanyesha, na mzee hatakiwi kulala bila dawa kwa sababu ya barabara.

Sasa kuna kitu kidogo ambacho wengi hakiwajii akilini mpaka kiwaharibie mpango. Pakiti za dawa hazilingani. Zingine zina vidonge 28, zingine 30, na metfomini unaweza kupewa boksi la 56 ambalo kwa mara mbili kwa siku ni siku 28. Ukimpa mzee boksi la siku 28 na jingine la siku 30 siku ile ile, mwezi wa kwanza zinapishana siku 2, unasema sio mbaya, lakini mzunguko wa sita ukiisha zinapishana siku 12 na umerudi kule kule ulikotoka. Kwa hiyo mwambie akuhesabie siku, asikuhesabie maboksi. Mimi binafsi kwa mtu wa mbali napenda siku 28 kuliko 30, kwa sababu siku 28 ni wiki nne kamili, ukianza Jumanne utachukua Jumanne daima, wakati ile ya 30 inatembea tembea mpaka siku moja inaangukia Jumapili na famasi imefungwa.

Na kama presha na sukari ya mzee zimetulia muda mrefu, muulize daktari kama anaweza kumwandikia ya miezi 2 au 3 kwa mpigo. Hicho kitu sio kigeni, watu wanaotumia dawa za VVU na hali zao zimetulia, Shirika la Afya Duniani linashauri wapewe za miezi 3 hadi 6.

Mimi nimeshaingia kwenye huo mpango. Kinachonikera ni simu. Kila mwezi kabla ya siku yangu binti wa famasi ananipigia kuniuliza maswali kama polisi, vimebaki vingapi, umelazwa, umeandikiwa kitu kipya. Si angetuma tu meseji dawa tayari njoo? (Msomaji aliyechoka)

Pole kwa kuchoka, ila hapa nitamtetea huyo binti mpaka mwisho. Hiyo simu ndo huduma yenyewe. Tarehe moja ni urahisi tu, hata mashine inaweza kukupangia tarehe moja ikawa inakutolea dawa kila mwezi bila kuuliza chochote, na hapo ndo mtu anajikuta na kabati limejaa dawa ambayo daktari alishamwachisha.

Angalia swali la kwanza, vimebaki vingapi. Hajakuuliza unameza dawa vizuri, maana hilo kila mtu anajibu ndiyo, hata mimi ningejibu ndiyo. Anauliza hesabu. Kama ulipewa za siku 30, kimoja kwa siku, na leo za siku 23 zimeshamezwa, mkononi viwe 7. Ukimwambia vipo 16, anajua kuna siku 9 dawa haikumezwa, na sasa anaweza kukuuliza kwa upole ni nini, ni kizunguzungu? tumbo? unasahau ya jioni? au unaibana ili ifike mbali kwa sababu ya hela? Kila jibu hapo lina dawa yake tofauti. Na ukimwambia vimebaki 2 nako ni habari, labda unameza viwili badala ya kimoja, labda mwenzio nyumbani naye ana presha na mnagawana. Msicheke, ipo sana hiyo.

Swali la umelazwa nalo sio umbea. Mtu akitoka hospitali anatoka na karatasi mpya na mfuko mpya, nyumbani mfuko wa zamani upo, na hakuna aliyekaa akalinganisha. Mwenye amlodipini ya zamani akapewa boksi limeandikwa Norvasc anadhani ni vitu viwili, kumbe ni dawa ile ile, anameza zote, miguu inavimba na presha inashuka chini mno akisimama anaona giza. Aliyeko kwenye nafasi ya kuliona hilo mapema ni yule mwenye orodha yako nzima mbele yake, na katika famasi ndogo ya kijijini mara nyingi ni mtu mmoja huyo huyo anayekujua wewe, mke wako na mama mkwe wako. Famasi kubwa ya mjini ina kila kitu ila hiyo ni ngumu kuipata.

Mtindo huu wa kupiga simu kwanza ndo mgonjwa aje sio wa juzi. Unatajwa kuanzia kwa mfamasia wa famasi binafsi huko Long Beach, California, John Sykora, katikati ya miaka ya 1990. Na sababu ya watu kuhangaika hivyo ipo, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilisema katika nchi zilizoendelea wastani wa watu wanaofuata vizuri matibabu ya magonjwa ya muda mrefu ni kama asilimia 50 tu. Nusu! Hapo tunaongelea nchi zenye bima na madaktari wa kutosha.

Kama muda ndo tatizo mwambie akupigie saa unayopumzika. Ila usimwambie aache.

Dawa zangu ni insulini ya kalamu, inhela mbili za pumu, warfarini na dawa ya maumivu ya mgongo. Mfamasia kasema sio zote zinaingia kwenye mpango. Kwani kuna ubaguzi? (Mgonjwa wa mengi)

Hakuna ubaguzi ndugu yangu, ni tabia za dawa zenyewe, twende moja moja.

Ya maumivu kama unameza pale tu mgongo ukiuma, haina siku yake ya kuisha, utaipangaje? Inakaa nje, ukihitaji unaomba. Na kama ni ya kundi la afyuni zile, sheria zake ni kali karibu kila nchi, mfamasia hawezi kukupa kabla ya wakati ili tu tarehe zipendeze.

Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, dozi yake inafuata kipimo cha damu, leo miligramu 5, baada ya kipimo 4, hivyo ukipewa fungu la miezi ukaambiwa tayari umepangiwa unaweza kubaki na vidonge vya nguvu isiyo yako. Wengine huwa wanaiingiza dozi ikitulia, wengine wanaiacha nje moja kwa moja. Mimi niko upande wa kuiacha nje mpaka itulie, ila kwenye simu lazima itajwe, maana ndo dawa inayogombana na nyingi kuliko zote ulizonazo, hata antibaiotiki ya siku tano inaweza kuivuruga.

Insulini inaingia ila kwa hesabu yake. Kalamu ya kawaida ina yuniti 300. Ukichoma 24 mara moja kwa siku na kumwaga 2 za kujaribu sindano, ni 26, kalamu moja inakutosha siku 11 na kubakisha kidogo, na boksi la kalamu 5 linaenda siku 55, au 57 ukitumia na hayo mabaki, yaani karibu mizunguko miwili ya siku 28. Kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua, unaofuata huchukui, sio lazima kila kitu kitoke kila mara. Ambazo hujafungua zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigande, na iliyofunguliwa nyingi zinavumilia nje kama siku 28 mahali pasipo na joto kali, lakini soma karatasi ya aina yako maana zinatofautiana. Kwa safari ndefu beba kwenye kibebeo chenye barafu, barafu isiguse kalamu. Na ufike nyumbani moja kwa moja bwana, sio unapitia kwa rafiki unaiacha kwenye gari juani.

Inhela ile ya kuzuia, ya kila siku, inaingia bila shida, yenye mivuto 120 kwa miwili asubuhi na miwili jioni ni siku 30 kamili. Ile ya kuokoa, ya salbutamoli, inakaa nje kwa sababu haitakiwi kutumika kwa ratiba. Ila hapa mfamasia wako awe na jicho, mtu anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka tayari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na akiwa anaiomba kila mwezi basi pumu haijadhibitiwa, arudi kwa daktari badala ya kuongezewa kopo.

Naomba kujua gharama. Bima yangu inanikata mchango kila ninapochukua dawa, sasa hayo mafungu madogo ya kuanzia si nitakatwa mara mbili? (Mwenye bima)

Inawezekana kabisa, uliza kabla ya kukubali. Kuna bima zinahesabu mchango kwa idadi ya siku, ukipewa ya siku 7 unalipa ya siku 7, kwa mfano Marekani mpango wa dawa wa Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, umekuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu 2014. Kuna zingine zinakata mchango mzima hata kwa vidonge sita. Na kuna zinazokataa ukiwahi, zinasema bado mapema. Mfamasia mwenye uzoefu anapiga simu bima kwanza, au anapanga taratibu ndani ya miezi miwili mitatu bila fungu dogo hata moja, anasubiri dawa mbili zilizokaribiana zikutane zenyewe. Inachelewa ila haikukamui.

Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nina famasi ndogo kijijini, mimi na msaidizi mmoja, kompyuta moja inayokufa kufa. Nimevutiwa ila naogopa mambo mawili, kazi kuongezeka, na wateja wakija mara moja tu kwa mwezi hawatanunua vitu vingine. Nianzie wapi? (Mwenye famasi)

Mwenzangu, karibu. Hofu ya pili naimaliza haraka: huyo anayekuja mara nne kwa mwezi mara nyingi hata haji mara nne, anakuja mbili, zile nyingine dawa imeisha na amekaa tu nyumbani bila. Vidonge ambavyo hakumeza ndo mauzo uliyopoteza, pamoja na afya yake. Sabuni na pipi za kikohozi atanunua tu akija.

Kazi kuongezeka, ndiyo, mwanzoni inaongezeka, nisikudanganye. Kila mtu unayemwingiza anakula muda wa kukaa naye, kumwaga mfuko mezani, kuhesabu, kupiga simu kwa daktari. Kwa hiyo usiingize kijiji kizima. Anza na watu wachache unaowaona sana, wenye dawa tatu au zaidi za kila siku ambazo hazijabadilika muda mrefu. Wale wanaobadilishiwa dozi kila wakirudi kliniki waache kwanza. Na muombe mtu ridhaa yake, umweleze utakuwa unampigia, wengine simu wanashiriki na jirani na hawataki jirani ajue wana ugonjwa gani.

Kompyuta sio lazima. Daftari kubwa la mistari linatosha, kila mtu ukurasa wake, dawa zote, kimoja mara ngapi, siku yake, na tarehe ambayo cheti cha daktari kinaisha. Hiyo ya mwisho usiisahau, maana utapanga dawa tano vizuri kabisa alafu cheti cha moja kinaisha katikati na mpango unavunjika hapo. Ukiweza ongea na daktari au kliniki waandike vyote kwa pamoja, muda mmoja, idadi ya siku moja. Mganga mwenye foleni ya watu mlangoni atanung'unika kidogo, mpelekee orodha iliyokamilika asaini tu, ataona umemsaidia.

Siku za watu zitawanye. Kosa kubwa ni kuwaweka wote mwisho wa mwezi, siku hiyo utalia. Jumatatu wanne, Jumanne wanne, hivyo hivyo. Simu piga siku 7 hadi 10 kabla, ukishaongea ndo unaagiza, dawa ikifika unaandaa saa ya mchana ambayo duka limepoa, unapitia mara ya pili mwenyewe, unafunga mfuko na jina. Siku ya siku mtu anakuta mfuko tayari na wewe una dakika kumi za kuongea naye badala ya kuhangaika kwenye shelfu mgongo ukiwa umempa.

Faida utakayoiona wewe kabla ya wote ni stoki. Famasi ya kijijini hela yake inalala kwenye shelfu, unaweka boksi tatu za dawa ya mtu mmoja kwa wasiwasi kwamba atakuja, asipokuja zinakaribia kuharibika. Ukijua wiki ijayo nani anakuja na anachukua nini, unaagiza hicho. Na msambazaji akisema hamna, una wiki nzima ya kutafuta kwingine au kumuuliza daktari mbadala, sio unagundua mgonjwa amesimama dirishani na basi la kurudi linapiga honi.

Jambo moja la kuwa nalo macho: mtu asipokuja siku yake usikae ukisubiri. Mpigie ndani ya siku 2 au 3. Kuna wakati utaambiwa amelazwa, kuna wakati utaambiwa habari mbaya zaidi, na kuna wakati ni baiskeli tu imepata pancha na unaweza kumpa mfuko mtu wa kijijini kwao aliyeaminika, ila awe amekubali mwenyewe kwanza.

Famasi wananiwekea dawa zote kwenye vibox vya asubuhi mchana jioni. Naweza kuhamishia humo kila kitu mwenyewe? (Bibi wa wajukuu saba)

Shikamoo bibi. Nyingi ndiyo, zingine hapana. Dabigatrani ya kuzuia damu kuganda ibaki kwenye kopo au karatasi yake, unyevu unaiharibu. Nitrogliserini ya chini ya ulimi, ya maumivu ya kifua, vile vile ibaki kwenye chupa yake ya kioo na iwe karibu na mkono. Methotreksati kama unatumia kwa ugonjwa wa viungo, hiyo ni mara moja kwa WIKI, ikichanganyika na za kila siku ni hatari ya kufa, iwekwe peke yake na siku yake iandikwe kwa herufi kubwa. Na vidonge vya zamani usivichanganye na vipya kwenye kopo moja. Wajukuu wakiwa wadogo hivyo vibox viwekwe juu wasipofika, maana vingi vinafunguka kirahisi mno.

Daktari kanibadilishia dozi katikati ya mwezi. Mpango si ndo umekufa? (Mfupi wa maneno)

Haujakufa. Siku ile ile uliyobadilishiwa mpigie mfamasia, usisubiri simu yake. Atakupa dozi mpya kwa siku zilizobaki mpaka tarehe yako, kwa mfano umebakiza siku 12 anakupa vya siku 12, na mzunguko unaofuata inaungana na wenzake. Vile vya dozi ya zamani mrudishie yeye, usivikate nusu nusu kukisia, na kama daktari amesema vikatwe muulize mfamasia kwanza kama kidonge hicho kinakatika, vile vya kutoa dawa taratibu vingi havikatwi.